Alama za Ukingoni

Gongo la Vikrant Ahlawat limerudi Jumanne,
limeviringishwa katika shuka la hoteli.
Kalileta dereva, si mwenyewe.
Meerut ilikuwa ukungu mtupu,
saa nne ya asubuhi na taa bado zinawaka.

Mimi hutengeneza magongo ya kriketi.
Baba alitengeneza, nikarithi randa na madeni,
na hadi leo mtu huchungulia mlangoni,
"Fundi yupo?"
Ndiye mimi. Kaa.

Mpira mwekundu hauna siri:
kila ulipogusa mbao huacha doa.
Miaka kumi na saba nimesoma magongo ya Ahlawat.
Zamani madoa yalirundikana mahali pamoja,
pale penye utamu, upana wa kiganja,
mengine yote meupe, kama hajacheza.
Mwaka juzi yakaanza kutawanyika.
Sasa yako ukingoni,
ukingoni na begani,
na moja liko mgongoni, sijui lilifikaje.

Muuza chai wa ng'ambo anasema astaafu,
amekalia kiti hadi kimepoa.
Shemeji yangu anawaka:
mtu aliyewalisha furaha miaka yote hiyo
mnamtoa kama mpangaji aliyechelewesha kodi?
Wanabishana hadi chai inaota utando.
Mimi sina maoni. Nina msasa.

Ndani ya shuka mna kikaratasi, mwandiko wake:
*Punguza gramu arobaini. Usimwambie mtu.*
Gramu arobaini ni chapati moja.
Jicho likichelewa, mtu hulaumu mbao.

Nyuma yangu, kwenye ndoano,
linaning'inia gongo la Munib Saifi, mtoto wa mhunzi,
limepita mikono mitatu kabla ya yake,
utepe juu ya utepe.
Na katikati, lo!
doa moja limekolea hata msasa umeshindwa.
Misimu miwili sasa Munib anaingia uwanjani
kupeleka maji, glavu kavu, ndizi,
kisha anatoka mbio, mchezo uendelee.
Aliniambia, "Dada, lifunge lidumu
mpaka nafasi ipatikane."
Hakusema nafasi ya nani.

Nilikuwa msichana wa kufagia maranda
siku Harbans Tyagi alipolia kwenye benchi hili.
Walikuwa wamemwacha, wakamchukua kijana wa miaka kumi na tisa,
mwembamba, masikio makubwa,
jina lake Ahlawat.
Baba alimpa Tyagi chai, akageukia kazi yake.
Magazeti yalimwomboleza wiki nzima.
Mvua haikuwa imenyesha, wameshamsahau.

Nikapiga simu.
"Nikitoa arobaini, litavunjika."
"Lini?"
"Siku utakayolipiga sawasawa."
Akacheka. Kicheko kikaisha, akabaki kwenye simu.
Nilisikia televisheni chumbani mwake,
watu wakihesabu umri wake kwa sauti.
"Thelathini, je?"
Nikanyamaza.
"Ishirini, fundi. Ishirini tu."
Alikuwa akipunguza bei kama mama sokoni,
na mimi, Mungu anisamehe, nikapunguza.

Maranda yalidondoka meupe miguuni.
Nikapima, nikapaka mafuta, nikafuta madoa ya ukingoni yote.
Hilo hakuniomba.

Asubuhi alitumwa mtu kulichukua.
Munib.
Alinawa mikono kwanza, kwenye ndoo yangu,
akajifuta kwa shati,
ndipo akalipokea, kwa mikono miwili.
Akasogeza kigoda kwa mguu.
Akapiga pigo moja la hewa, goti limekunjwa,
maranda yakaruka sakafuni,
na duka zima likasikia upepo wake.

Akalitazama gongo. Akalipima tena kiganjani.
"Jepesi mno, Dada," akasema.
"Hili ni la mwanawe?"

Nilikuwa nalitafuta lile shuka.